Maneno Safi Yenye Sauti Chafu

Katika kila lugha yako maneno ambayo mtu mwenye adabu hayatamki mbele ya watu. Hilo halina ubishi, wala makala haya hayakusudii kulibishia. Linalochunguzwa hapa ni jambo jingine lililo jirani nalo: neno ambalo maana yake haina ubaya wowote, lakini sauti yake yafanana na sauti ya tusi, je, liachwe? Yaweza kuonekana kwamba swali hili ni dogo, la kuchekesha zaidi kuliko la kufikirisha. Lakini mtunga kamusi hulikuta kila apangapo maneno yake. Mwalimu hulikuta darasani, msomaji wa habari hulikuta redioni, na mfasiri hulikuta mezani pake. Siku hizi hata simu ya mkononi hulijibu swali hilo kwa niaba ya mwenyewe, pasipo kumwuliza. Kila alijibuye ama huyalinda maneno ya lugha ama huyapunguza, na aghalabu hajui kwamba afanya hivyo.

Kwa kuwa maneno hayawezi kupimwa pasipo kutajwa, yafaa kuanza na desturi ya wasemaji wa Kiswahili wenyewe. Mzee wa pwani akitaka kutaja kitu kisichopendeza masikioni hutanguliza maneno haya: hashakum si matusi. Hashakum ni neno la Kiarabu, na maana yake ni kuwaombea wasikilizaji waepushwe na ubaya wa jambo litakalotajwa. Itazamwe kazi ya maneno hayo. Hayaliondoi neno, wala hayaweki jingine mahali pake. Humjulisha msikilizaji nia ya msemaji kabla neno halijafika, kisha neno lenyewe husemwa kama lilivyo. Kwa desturi hii Kiswahili kimekwisha kukiri kwamba tusi halimo katika sauti peke yake, bali katika sauti pamoja na nia. Basi, hashakum si matusi, na tuendelee.

I. Sauti zilizokutana kwa bahati

Fungu la kwanza ni la maneno ya lugha mbalimbali yaliyokutana kwa sauti bila ya kuwa na udugu wowote. Sauti za kinywa cha mwanadamu ni chache, na lugha ni nyingi, haiwezekani zisigongane.

Neno kuma katika Kiswahili ni tupu ya mwanamke, na katika matusi ni miongoni mwa makali kabisa. Lakini katika Kijapani kuma ni dubu, na limo ndani ya jina la mji wa Kumamoto, uliopatwa na matetemeko makubwa ya ardhi katika Aprili 2016. Msomaji wa habari za siku zile hakuwa na njia ya kuueleza msiba ule pasipo kuutaja mji. Wala hatuna haja ya kwenda Japani. Katika Kigikuyu na Kikamba, lugha zilizo jirani za Kiswahili na zisemwazo na mamilioni ya watu wa Kenya, kuma ni neno la kawaida lenye maana ya "kutoka" au "tangu". Haiwezekani kuzisema lugha hizo kwa muda mrefu pasipo kulitumia.

Vivyo hivyo mavi. Katika Kituruki mavi ni rangi ya buluu, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya maji. Liko kampuni la nguo la Uturuki liitwalo Mavi tangu mwaka 1991. Na katika Mei 2010 meli iliyoitwa Mavi Marmara ilishambuliwa na askari wa Israeli ilipokuwa safarini kwenda Gaza, na habari yake ikaenea ulimwengu mzima. Malaya, ambalo kwetu ni mwanamke auzaye mwili wake, ni jina la nchi iliyokuwa shirikisho kabla ya kuundwa Malaysia mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Malaya kiko Kuala Lumpur hata leo. Katika Kitagalogi cha Ufilipino neno hilo hilo lina maana ya "huru". Twaona, basi, kwamba neno moja ni aibu hapa, na kule ni neno la kujivunia.

Wafanyao biashara ya simu wamekutana na jambo hili mara nyingi, kwa kuwa simu moja huuzwa katika nchi zote kwa jina moja. Msaidizi wa sauti aliyetiwa katika simu za iPhone mwaka 2011 aliitwa Siri. Kwa Mswahili hiyo ni siri, jambo la kufichwa, na kifaa kisikilizacho maneno ya mwenyewe kikiitwa hivyo chachekesha kidogo. Kwa Mjapani jina hilo hukaribia sana neno shiri, yaani matako. Jina halikubadilishwa, na Wajapani wanalitumia. Mwaka huo huo kampuni la Nokia lilitoa simu zilizoitwa Lumia, na katika kamusi za Kihispania lumia ni kahaba. Simu hizo ziliuzwa Hispania kwa jina hilo hilo. Lakini kampuni la Mitsubishi lilipopeleka gari lake la Pajero katika nchi zisemazo Kihispania lililiita Montero, kwa sababu pajero kwa Wahispania ni tusi la ngono.

Kwa nini jina moja libadilishwe na jingine liachwe? Tofauti haiko katika ukubwa wa ubaya wa maana. Iko katika uhai wa neno masikioni mwa watu. Pajero ni tusi litumikalo kila siku barabarani. Lumia ni neno la zamani ambalo Wahispania wengi hawalijui mpaka wafungue kamusi. Hiki ni kipimo cha kwanza tukipatacho: mfanano wa sauti huumiza pale tu ambapo neno chafu li hai, na neno safi halina njia ya kujitenga nalo.

II. Maneno ya shina moja

Fungu la pili lina uzito zaidi kwetu, kwa kuwa ni la Kiswahili chenyewe. Hapa neno safi na neno chafu hawakukutana njiani kama wageni. Ni ndugu wa tumbo moja.

Mfano ulio bora ni kitendo -nya. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, kazi iliyosimamiwa na Frederick Johnson, yaonyesha kwamba kitendo hiki chatumika kwa mvua na kwa haja kubwa pia. Katika Kiswahili cha kale mvua yanya, wala hapana aliyeona haya kusema hivyo. Maana ya asili ni moja: kuachilia kitu kianguke. Leo msemaji wa Kiswahili sanifu akisema "mvua inakunya" atachekwa. Husema "mvua inanyesha".

Badiliko hili limeacha alama katika sarufi. Kunyesha ni kauli ya kufanyiza: ni kukifanya kitu kinye. Kwa kanuni, anyeshaye ni Mungu, na mvua ndiyo inyeshwayo. Lakini sasa mvua yenyewe ndiyo inyeshayo, wala hatusemi inanyesha nini. Kauli ya kufanyiza imeshika mahali pa kitendo cha asili, na yamkini sababu yake ni hiyo hiyo ya haya: watu walikikimbia -nya, wakakimbilia mtoto wake. Na neno la heshima lichaguliwalo na walimu na waganga, yaani kinyesi, limetoka katika shina lile lile. Kwa hiyo tumelikimbia neno kwa kuingia katika nyumba yake kwa mlango wa nyuma.

Tazama tena neno tako. Bunduki ina tako, nalo ni sehemu yake ya nyuma iwekwayo begani. Mtu akaribishwaye nyumbani huambiwa akae kitako, na hapana mgeni aliyepata kukasirika kwa kuambiwa hivyo, ijapokuwa kitako ni tako lililopewa kiambishi ki-. Lakini matako ya mwanadamu hayatajwi barazani. Badala yake yalitafutwa makalio, kutokana na kukaa. Neno hili lilikuwa la upole siku za kwanza. Sasa nalo limekwisha kuchakaa, na wengi husema "sehemu za nyuma" au hunyamaza. Hivyo ndivyo tafsida zilivyo. Neno jipya hulibeba jambo lile lile la aibu, na baada ya muda huchafuliwa na mzigo wake. Hata msala, mkeka wa kuswalia, umeingia katika safari hii, kwa kuwa kwenda msalani ni kwenda chooni. Hapana neno lililo takatifu hata lisiweze kutumiwa kufunika lisilopendeza. Wala msala wa kuswalia haukuachwa kuitwa msala kwa sababu hiyo.

Tena yafaa kukumbuka methali. "Mavi ya kale hayanuki" husemwa na watu wazima wenye heshima zao pale wapatanishapo ugomvi wa zamani. "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha" husemwa juu ya upendeleo, na haina badala. Mtu akijaribu kuisafisha, akasema "kujisaidia ajisaidie kuku", methali hufa papo hapo, kwa sababu ukali wake wote umo katika neno lile. Wafua chuma nao huita takataka ya chuma kilichoyeyushwa mavi ya chuma. Hilo ni neno la kazi, na mwana historia achimbuaye tanuri za kale hulihitaji.

III. Maneno yaliyochafuliwa na matumizi

Fungu la tatu ni la maneno yaliyozaliwa safi, yakatiwa doa na watu.

Shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Kwa wanawake wa pwani na visiwani ni neno la mapenzi na la kuaminiana. Mwanamke humwita mwenziwe "shoga yangu" kama vile mwanamume amwitavyo mwenziwe "sahibu". Lakini neno hilo lina maana ya pili, ya mwanamume alalaye na wanaume wenzake, na watunga kamusi wa karne ya 19 walikwisha kuziona maana zote mbili. Kwa muda mrefu maana hizo ziliishi pamoja bila ya kugombana, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa ya vinywa vya wanawake na kila msikilizaji alijua nani asema na nani. Kiswahili kilipoenea bara, maana ya pili ilisafiri upesi kuliko ya kwanza, na huko ikawa tusi la kumtupia mtu. Mwanamke wa Unguja aandikaye "shoga yangu" leo huenda akaeleweka vibaya na msomaji aliyejifunza Kiswahili mbali na pwani. Je, aliache neno la bibi yake kwa sababu ya msomaji huyo? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi pwani itakuwa ikitozwa maneno yake na wale waliokipokea Kiswahili kutoka kwake.

Mfano mwingine ni wa biashara ya simu. Tanzania ina makampuni kadhaa ya simu za mkononi, na watu huyalinganisha kila siku: lipi lina minara vijijini, lipi lina vifurushi vya bei nafuu, lipi hupelekea fedha kwa makato madogo. Miongoni mwao lilikuwako kampuni lililoitwa Tigo, jina litumikalo pia katika nchi kadhaa za Amerika ya Kati na ya Kusini. Jina hilo halikuwa na maana yoyote katika Kiswahili. Lakini vijana wa mitaani walilifanya fumbo la sehemu ya nyuma ya mwili na la tendo ambalo halitajwi. Yangeweza kufikiriwa kwamba tangu hapo jina lisingetamkika. Haikuwa hivyo. Mama aliyetaka vocha aliomba vocha ya Tigo, na mfanyabiashara aliyetaka kutumiwa fedha alitaja namba yake ya Tigo, na hapana aliyeona haya. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni hilo lilichukua jina la Yas. Lakini hapo lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe mpya tangu mwaka 2022, na majina ya makampuni ya simu hubadilika kwa desturi yanapobadilika wenyewe, kama Celtel ilivyokuwa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010.

Mfano huu wafundisha kwamba msikilizaji hana upungufu wa akili adhaniwao. Neno lenye maana mbili, moja safi na moja chafu, huweza kutumika miaka mingi pasipo kuchanganya watu, maadamu mahali pa neno katika sentensi na mahali pa wasemaji katika maisha pajulikana.

IV. Desturi za kuepuka sauti

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kuepuka neno kwa sababu ya sauti yake ni upuuzi daima. Yako makabila yaliyoifanya desturi hii kuwa sehemu ya heshima kuu. Miongoni mwa Wazulu na Waxhosa wa Afrika ya Kusini mwanamke aliyeolewa hufuata hlonipha: halitaji jina la baba mkwe wake, na pamoja nalo huyaepuka maneno mengine yenye silabi zifananazo na za jina hilo, hata yakiwa ni ya vitu vya kila siku. Wanyakyusa wa kusini magharibi ya Tanzania wana desturi ya namna hiyo, iitwayo ingamwana. Wako wataalamu wafikirio kwamba hlonipha ndiyo iliyozisaidia sauti za kudoa za Wakhoisan kuingia katika lugha za Kinguni, kwa kuwa wanawake walihitaji namna mpya za kutamka maneno waliyokatazwa.

Desturi hizi zina mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba zina mpaka. Mwanamke fulani huepuka sauti fulani kwa heshima ya mtu fulani. Mumewe na watoto wake hawakatazwi, na neno halifutwi katika lugha. La pili ni kwamba kila neno liepukwalo huwa na badala yake ijulikanayo, hata yule aepukaye asibaki bubu. Kuepuka kwa namna hii hakuipunguzi lugha, pengine huizidisha. Pamoja na hayo, haifai kusahau kwamba mzigo wote wa desturi hii umewekwa begani mwa bibi arusi peke yake.

V. Haki ya msikilizaji

Yametokea Marekani mambo mawili yaliyolileta swali letu mbele ya watu wote. Katika Januari 1999, huko Washington, David Howard, msaidizi wa meya Anthony Williams, alipokuwa akizungumza habari za fedha alitumia neno niggardly, ambalo maana yake ni "kwa ubahili". Neno hilo yamkini lina asili katika lugha za Skandinavia, na shina lake limo katika Kiingereza tangu karne ya 14. Halina udugu wowote na tusi la Wamarekani weusi, ambalo limetoka katika neno la Kilatini la rangi nyeusi. Lakini sauti zake mbili za kwanza ni zile zile. Maneno yakaenea kwamba ametukana, naye akajiuzulu. Julian Bond, aliyekuwa mwenyekiti wa chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, alisema kwamba haifai mtu kulazimishwa kuukata ulimi wake kwa sababu wengine hawakulielewa neno. Baadaye meya alimkaribisha Howard arudi kazini, naye akapewa kazi nyingine katika ofisi hiyo.

Jambo la pili ni la mwaka 2020. Mwalimu wa Chuo Kikuu cha Southern California alikuwa akifundisha juu ya maneno ya kujazia pengo katika mazungumzo, kama vile sisi tusemavyo "nanihii". Akatoa mfano wa Kichina wa neno nèige, lenye maana ya "ile", ambalo Wachina hulirudiarudia watafutapo la kusema. Matamshi yake yafanana na tusi lile lile la Kiingereza. Wako wanafunzi weusi waliolalamika. Mwalimu akaondolewa katika somo hilo kwa muda, na uchunguzi wa chuo ukaona kwamba hakuvunja kanuni.

Ni rahisi kuwacheka waliolalamika, lakini kicheko si hoja. Neno lile la tusi lilitamkwa juu ya watu waliofungwa minyororo na juu ya wajukuu wao kwa karne nyingi, na sikio lililoumizwa hustuka kabla akili haijafika. Mstuko huo ni wa kweli, wala mtu hatakiwi kuuomba radhi. Lakini mstuko ni jambo moja, na hukumu ni jingine. Sikio lastahili kuelezwa. Halistahili kupewa mamlaka ya kumwondoa mtu kazini. Wachina zaidi ya milioni elfu moja hawawezi kuiacha "ile" yao kwa sababu Kiingereza kilizaa tusi. Ile desturi yetu ya hashakum ingalifaa sana katika darasa lile: maneno machache ya kutangulia, na sikio lingalikuwa tayari.

Kwa upande wake, msemaji naye ana wajibu. Ajuaye kwamba neno lake litamchoma msikilizaji fulani, na analo jingine lililo sawa nalo kwa maana, kisha akashikilia lile la kwanza kwa kuwa kamusi yamruhusu, huyo amekwisha kutia nia katika sauti. Neno lake lilikuwa safi; yeye ndiye aliyelichafua. Bahili ana maneno mengi ya kumwelezea katika Kiingereza, na haikosi mtu kupata jingine akitaka. Mvua ya Kumamoto au rangi ya bahari kwa Kituruki havina badala.

VI. Hukumu ya mashine

Mpaka hapa tumesema juu ya watu. Lakini sasa sehemu kubwa ya maandishi hupita katika simu, na katika simu mna programu zipimazo maneno kabla hayajamfikia msomaji. Programu hizi hazina sikio wala hazijui nia. Zina herufi tu.

Kisa chao cha kwanza kujulikana sana kilitokea Uingereza mwaka 1996. Watu wa mji wa Scunthorpe walikataliwa kujiandikisha katika huduma ya intaneti ya kampuni la AOL kwa sababu herufi ya pili hadi ya tano za jina la mji wao huunda tusi zito la Kiingereza. Tangu siku hiyo kosa la namna hii limeitwa kwa jina la mji huo.

Kosa hilo likiingia katika Kiswahili, madhara yake ni makubwa kuliko katika Kiingereza, na sababu yake ni umbo la lugha. Kiswahili huunganisha viambishi na mizizi katika neno moja, na katika viungo hivyo herufi hukutana pasipo kukusudia. Programu itafutayo herufi za kuma itazikuta katika kumaliza, kumaanisha na kumakinika. Itafutayo kunya itazikuta katika kunyamaza, kunyanyua na kunyauka. Itafutayo tako itazikuta katika atakosa, utakoma na nitakopa, ingawa hapo ta ni alama ya wakati ujao na ko ni mwanzo wa mzizi mwingine kabisa. Mtu aandikaye "kesho atakosa shule" atahesabiwa kuwa ametukana. Na programu itafutayo maneno mazima tu, ikiachia kumaliza na kuzuia kuma, itakuwa imemfunga kinywa msemaji wa Kigikuyu katika simu ile ile, katika mji ule ule wa Nairobi.

Simu zenyewe hazilingani katika jambo hili. Kibodi ya Google itumikayo katika simu nyingi za Android ina kitufe cha kuzuia maneno ya matusi yasipendekezwe, na mwenye simu aweza kukizima. Simu za iPhone kwa miaka mingi ziligeuza tusi moja la Kiingereza kuwa neno la bata, mpaka mwaka 2023, kampuni la Apple lilipotangaza kwamba programu yake itajifunza maneno ya mwenyewe na kuyaacha yalivyo. Njia zote mbili zina kasoro zake, lakini zina jambo moja jema: uamuzi umerudishwa kwa mwandishi. Mtu mzima aandikaye barua kwa rafiki yake, mwalimu aandikaye juu ya methali, au mgonjwa amwelezaye mganga maradhi ya siri, hahitaji kibodi impe adabu. Mgonjwa hasa; kwa kuwa simu ikikataa kuandika jina la kiungo chake, atabaki na fumbo ambalo mganga huenda asilifumbue.

VII. Mambo ya kupimwa

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, yafaa mtu aliye na neno safi lenye sauti chafu ajiulize maswali manne kabla hajaliacha. Je, neno chafu linalofanana nalo li hai masikioni mwa wasikilizaji hawa, au limo kamusini tu? Je, mahali pa neno katika sentensi panatosha kuondoa shaka? Je, liko neno jingine lenye maana ile ile kamili, si nusu yake? Na je, kuliacha ni kwa heshima ya mtu aliye mbele yetu, au ni kwa hofu ya mtu tusiyemjua? Akiona kwamba tusi li hai, mahali hapatoshi, badala ipo na heshima yatakiwa, basi na aliache kwa siku hiyo, naye atakuwa amefanya adabu. Vinginevyo, atangulize hashakum akipenda, kisha aseme.

Kwa mtunga kamusi shauri ni gumu zaidi, kwa kuwa yeye hasemi na mtu mmoja kwa siku moja. Yeye hana ruhusa ya kuacha. Neno akilificha leo, mwanafunzi wa miaka hamsini ijayo atasoma "mvua yanya" katika hati ya kale na hatajua kama mwandishi alikuwa mshairi au mhuni. Kazi ya mtunga kamusi ni kuziandika maana zote, aonyeshe ipi ni ya kale, ipi ni ya pwani, ipi ni ya mitaani na ipi ni tusi, na amwachie msomaji hiari yake. Shoga iandikwe kwa maana zake mbili, na ya kwanza ibaki ya kwanza. Tako la bunduki na mavi ya chuma yaandikwe bila ya kuomba radhi.

Na kwa wale watengenezao kibodi na vichujio vya Kiswahili, jambo la kwanza si kukusanya orodha ya matusi. Orodha hiyo ni fupi, na kila mtoto wa mtaani aijua. Jambo la kwanza ni kuifundisha mashine namna neno la Kiswahili linavyoundwa, wapi kiambishi hukoma na wapi mzizi huanza. Mashine isiyojua kuitenga ta na ko katika atakosa haijafikia daraja ya kumhukumu mtu kwa maneno yake.